Wati za boksi na wati za kweli: mnunuzi wa Kilwa achague sabufa ipi?

FEDHA ya ufuta huanza kuingia mikononi mwa wakulima wa mkoa wa Lindi katikati ya mwaka, na ile ya korosho hufuata kuanzia Oktoba. Misimu hiyo miwili inapofika, maduka ya vyombo vya umeme ya Kilwa Masoko, Kivinje, Nangurukuru na Lindi mjini hufanana kwa jambo moja: maboksi ya sabufa hupangwa barazani, na sabufa moja huwashwa ili wapita njia wasikie.

Ununuzi huo si mdogo. Mkulima anayetegemea mauzo ya msimu hununua chombo hicho mara moja, na kikiharibika mwezi Machi hana fedha ya kununua kingine mpaka mavuno yajayo. Naye mwenye duka aliyefunga mtaji katika bidhaa isiyofaa hubaki na maboksi stoo, huku deni la Kariakoo likimsubiri.

Wote wawili, aliye mbele ya kaunta na aliye nyuma yake, hupoteza kwa sababu moja. Wanapimiana bidhaa kwa namba iliyochapishwa kwenye boksi, namba ambayo haina mizani.

Namba isiyo na mizani

Si ajabu kukuta boksi lenye maandishi makubwa ya wati 10,000, na pembeni herufi PMPO. Mnunuzi akigeuza chombo chenyewe na kusoma kibandiko kilicho karibu na waya wa umeme, anaweza kukuta kimeandikwa volti 230 na wati 60. Hizo 60 ndizo chombo kinazovuta kutoka ukutani. Hakuna mashine inayoweza kutoa mfululizo nguvu nyingi kuliko inayopokea, na sehemu ya nguvu hiyo hupotea kama joto kabla ya kufika kwenye spika.

PMPO ni kipimo kisicho na kanuni moja inayokubalika duniani. Kila kiwanda hukokotoa kivyake, mara nyingi kwa kutazama mshindo wa sehemu ndogo sana ya sekunde. Kipimo kinachofaa kwa biashara ni kile kinachoandikwa RMS, yaani nguvu ambayo chombo hutoa mfululizo. Pale ambapo RMS haikuandikwa, kibandiko cha nyuma ndicho shahidi wa kuaminika zaidi.

Hata wati za kweli zina siri yake. Kuongeza nguvu mara mbili, kutoka wati 40 hadi 80, huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huisikia kwa kiasi kidogo. Ili sauti isikike kubwa kama mara mbili, nguvu hutakiwa kuongezeka karibu mara 10. Mnunuzi anayelipa bei mara mbili kwa ajili ya wati mara mbili hana budi kulijua hilo kabla ya kutoa fedha.

Aidha, spika hazilingani katika kugeuza umeme kuwa sauti. Spika inayotoa desibeli 90 kwa wati moja, ikipimwa umbali wa mita moja, huhitaji robo tu ya nguvu inayohitajiwa na ile ya desibeli 84. Kwa maneno mengine, wati 20 kwenye spika ya kwanza hutoa sauti sawa na wati 80 kwenye ya pili. Kwa sebule ya kawaida ya mita tatu kwa nne, wati 20 hadi 30 za kweli zinatosha na kubaki.

Kazi tatu, mahitaji matatu

Swali la kwanza ambalo muuzaji mwaminifu humwuliza mteja ni hili: chombo hiki kitafanya kazi gani zaidi? Filamu, muziki na gemu huhitaji vitu tofauti.

Katika filamu, kinachobeba hadithi ni maneno. Sauti ya mtu anayezungumza hukaa zaidi kati ya mitetemo 300 na 3,400 kwa sekunde, eneo lile lile ambalo simu za mezani zilitengenezwa kulipitisha. Eneo hilo hufanyiwa kazi na zile spika ndogo za pembeni, wala si boksi kubwa la besi. Hili lina uzito wa pekee kwa soko la Tanzania, kwani sehemu ya filamu zinazotazamwa ni zile za kigeni zilizotafsiriwa, ambapo mtafsiri husimulia juu ya sauti ya awali. Ni kazi iliyompatia jina Lufufu kabla ya wengi kumfuata. Sabufa yenye besi nzito na spika ndogo dhaifu humfunika msimulizi, na mtazamaji hubaki akiongeza sauti mpaka besi iwe kero kwa nyumba ya pili.

Katika muziki, besi ina haki yake, lakini aina za muziki hazifanani. Taarabu hutegemea sauti ya mwimbaji, fidla na kinanda, hivyo spika za pembeni ndizo zinazoamua. Singeli ni jambo lingine. Mapigo yake hupita 200 kwa dakika, na kila pigo la besi hutakiwa kuanza na kukoma kabla la pili halijafika. Boksi jepesi la mbao nyembamba huendelea kuvuma baada ya pigo kwisha, na mapigo hugeuka mngurumo mmoja. Jaribio lake ni rahisi: mnunuzi agonge ubavu wa boksi kwa kifundo cha kidole. Boksi linalojibu kama debe tupu litalia kama debe tupu.

Katika gemu, adui mkubwa ni ucheleweshaji. Sauti inayosafiri kwa Bluetooth kwa njia ya kawaida huweza kuchelewa kati ya sehemu ya kumi na nusu na robo ya sekunde. Kwa muziki hakuna anayeona. Kwa filamu, televisheni nyingi hurekebisha picha ili zifuatane. Kwa gemu ya mpira, ucheleweshaji wa sekunde 0.2 ni sawa na kumsikiliza mchezaji aliye umbali wa mita 68: mpira umekwisha kupigwa ndipo mlio unapofika. Mwenye PlayStation atumie waya.

2.1, 5.1 au saundbaa

Namba 2.1 maana yake ni spika mbili za pembeni na sabufa moja. Namba 5.1 huongeza spika ya katikati na mbili za nyuma. Mfumo huo wa njia sita ulienea baada ya sauti ya dijiti kuingia katika majumba ya sinema mwanzoni mwa miaka ya 1990, filamu ya Batman Returns ya mwaka 1992 ikiwa miongoni mwa za kwanza kutumia Dolby Digital. Katika mfumo huo, spika ya katikati ndiyo hubeba sehemu kubwa ya mazungumzo.

Tatizo ni kwamba spika sita hazina faida kama sauti inayoingia ni ya njia mbili. Filamu inayouzwa kwenye flashi, wimbo uliopakuliwa kwenye simu na vipindi vingi vya king'amuzi huja na njia mbili tu. Vyombo vingi vya bei nafuu vinavyoitwa 5.1 hupokea njia hizo mbili na kuzigawa kwa spika sita, hivyo kinachosikika nyuma ni kile kile kilichosikika mbele. Mnunuzi wa chombo cha namna hiyo analipia nyaya na maboksi matupu.

Kwa bei hiyo hiyo, 2.1 nzuri huishinda 5.1 hafifu, kwa kuwa fedha imegawanywa kwa spika tatu badala ya sita. 5.1 ya kweli inamfaa yule mwenye filamu za diski au huduma ya intaneti inayotoa njia sita, na mwenye chumba kinachoruhusu spika kukaa nyuma ya kochi.

Saundbaa, ule mhimili mrefu unaokaa chini ya televisheni, imeingia sokoni kwa kasi pamoja na televisheni bapa. Faida yake ni kwamba haichukui nafasi na maneno husikika vizuri. Hasara yake kwa mteja wa Kilwa ni kwamba ikiharibika, fundi wa mtaani hupata shida kuifungua na vipuri vyake ni adimu. Sabufa ya kawaida, kwa upande mwingine, hufunguliwa kwa bisibisi.

Matundu ya nyuma

Wauzaji wengi wamepata kurudishiwa sabufa nzima, isiyo na kasoro, kwa sababu tu haikuweza kuunganishwa na televisheni ya mteja. Sabufa nyingi hupokea sauti kwa matundu mawili, jekundu na jeupe. Televisheni nyingi mpya hazina matundu hayo ya kutolea sauti. Zina tundu dogo la kisikizio, au tundu la waya wa mwanga, au HDMI yenye alama ya ARC, ambayo ilianza kuonekana mwaka 2009.

Tundu la kisikizio linatosha, kwa waya wenye kichwa kidogo upande mmoja na vichwa viwili upande wa pili. Palipo na tundu la mwanga peke yake, huhitajika kijisanduku cha kugeuza sauti ya dijiti. Wenye PlayStation 5, iliyotoka mwaka 2020, wajue kuwa haina tundu la mwanga kama lile lililokuwapo kwenye PlayStation 4 ya kwanza. Sauti yake hupitia HDMI hadi kwenye televisheni, ndipo itoke kwenda kwenye sabufa.

Ushauri ni mmoja: mnunuzi apige picha ya mgongo wa televisheni yake kwa simu kabla ya kutoka nyumbani. Muuzaji naye aweke nyaya hizo dukani. Ni bidhaa ndogo, hazichukui nafasi, na huokoa mauzo ambayo yangevunjika.

Umeme, chumvi na jirani

Gesi ya Songo Songo, inayochimbwa katika bahari ya Kilwa, ilianza kuzalisha umeme Dar es Salaam mwaka 2004. Hata hivyo, kwa mtumiaji wa pwani hiyo kukatika kwa umeme bado ni sehemu ya hesabu. Hatari kubwa zaidi huja unaporudi, kwani mara nyingi hurudi kwa mshtuko wa volti. Kifaa cha kulinda umeme, kama kile kinachotumika kwa majokofu, ni sehemu ya bei ya sabufa na si pambo. Asiye nacho achomoe waya mara umeme unapokatika.

Matumizi ya LUKU yenyewe si makubwa. Chombo cha wati 60 kikipigwa saa tano kila siku hutumia uniti 9 kwa mwezi, hata kama kingefanya kazi kwa nguvu zake zote muda wote. Kwa vijiji na visiwa vinavyotumia sola, sabufa yenye njia ya volti 12 ina thamani zaidi kwa kuwa haihitaji kigeuza umeme. Betri ya volti 12 yenye Ah 100 hubeba takribani Wh 1,200, na ile ya kawaida ya maji ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu. Sabufa ya wati 60 na televisheni ya wati 40 zitakwenda nayo saa sita.

Hewa ya bahari ina kodi yake. Chumvi hula matundu ya kuchomekea na vichwa vya nyaya mpaka sauti ikaanza kukwaruza. Unyevu huvimbisha boksi la mbao ya unga, na joto huozesha ukingo wa sponji unaozunguka koni ya spika. Ukingo wa mpira hudumu zaidi, na mnunuzi anaweza kuutambua kwa kuugusa taratibu. Chombo kikae juu ya kigoda au tofali mbili, mbali na dirisha la upande wa bahari.

Nyumba nayo ni sehemu ya chombo. Kuta za saruji na sakafu tupu hurudisha sauti na kuvuruga maneno. Mkeka, pazia na kochi huipunguza. Sabufa ikiwekwa pembeni mwa chumba, besi huongezeka bila gharama. Ikizidi, isogezwe mbali na kona kabla ya kulaumu kiwanda.

Sauti kubwa pia ni suala la sheria. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira zilitolewa mwaka 2015, na Baraza la NEMC limewahi kufunga baa kwa ajili hiyo. Shirika la Afya Duniani nalo linahesabu desibeli 80 kwa saa 40 za wiki kuwa ukomo wa usalama wa masikio ya mtu mzima.

Hesabu ya mwenye duka

Kwa mfanyabiashara, kishawishi ni kujaza stoo kwa bidhaa ya bei ya chini. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mwenye duka ananunua sabufa 20, kila moja ikifika Kilwa kwa Sh. 93,000 pamoja na usafiri, jumla Sh. 1,860,000. Anauza kwa Sh. 115,000. Msimu unakwisha akiwa ameuza 15, na nne kati ya hizo zimerudi kwa matengenezo ya Sh. 20,000 kila moja.

Kwenye karatasi amepata faida ya Sh. 250,000. Lakini mkononi ana Sh. 1,645,000, yaani pungufu ya alichotoa kwa Sh. 215,000, kwa kuwa sabufa tano bado ziko stoo.

Kwa mtaji ule ule angeweza kuleta 12 za Sh. 155,000 kila moja. Akiziuza zote kwa Sh. 185,000, na moja ikarudi, hubaki na faida ya Sh. 340,000 na stoo tupu. Bila shaka si kila mteja ana fedha ya kufikia bei hiyo. Hata hivyo, mfano unaonyesha kuwa faida ya kipande kimoja haina maana bila kuhesabu vinavyorudi na vinavyolala.

Zipo hatari mbili nyingine. Ya kwanza ni barabara. Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003, liliondoa adha ya kivuko, lakini mvua bado zina kauli. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika eneo la Somanga. Mwenye kusubiri mzigo wa msimu wakati wa masika anacheza bahati nasibu.

Ya pili ni mkopo wa msimu. Novemba 2018 Serikali iliamua kununua korosho yenyewe kwa Sh. 3,300 kwa kilo, na uhakiki wa wakulima ukachukua miezi. Aliyekuwa amekopesha bidhaa kwa ahadi ya korosho alisubiri pamoja na mkulima. Kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo malipo hufuata mnada, muuzaji mwangalifu hukubali kulipwa kidogo kidogo, huku bidhaa ikikaa dukani mpaka fedha itimie.

Mwenye kibanda

Kundi la tatu ni vijana wanaofungua vibanda vya video na gemu. Kwao sabufa ni mtambo wa kazi. Kwa mfano, anayenunua ya Sh. 150,000 kila mwaka kwa miaka minne hutumia Sh. 600,000, aliyenunua ya Sh. 400,000 inayodumu miaka hiyo minne huokoa Sh. 200,000, bila kuhesabu siku ambazo kibanda kilifungwa kusubiri fundi. Mwenye kibanda cha gemu hahitaji besi kubwa kwa kila televisheni. Spika ndogo mbili za waya kwa kila meza huwatosha wachezaji, na meza za jirani hazisumbuliwi.

Wanaoonyesha filamu kwa malipo wakumbuke pia kibali. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ni ya mwaka 1976, na ile ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999. Faini moja inaweza kumeza mapato ya msimu mzima.

Kabla ya kulipa

Mnunuzi aende dukani na flashi yenye wimbo anaoufahamu na kipande cha filamu chenye mazungumzo. Achezeshe filamu kwanza, kwa sauti ya chini, na asikilize kama maneno yanaeleweka. Kisha apandishe muziki hadi robo tatu: sauti ikianza kukwaruza, zile wati za boksi zimekwisha. Asome kibandiko cha nyuma, aguse ukingo wa koni, ahesabu matundu, na adai risiti ya EFD, kwa sababu bila hiyo dhamana ni maneno matupu.

Muuzaji anayeruhusu majaribio hayo yote atachelewa kidogo kwa kila mteja. Lakini msimu ujao mteja huyo atarudi na ndugu yake, na hakutakuwa na boksi la kurudishwa mkononi.